Akina Mama wa Barabara ya Koboko

Jioni hii nimeomba nafasi hapa redioni Arua nizungumze juu ya wanawake walionilea, na nitazungumza Kiswahili kwa makusudi. Nyumbani kwetu tulisali na kugombana kwa Kilugbara, lakini riziki iliyotusomesha ilichumwa kwa Kiswahili cha sokoni, kile kinachochanganyika na Kilingala ukivuka mpaka wa Kongo na Kinubi ukirudi Arua. Nikiwashukuru akina mama hao kwa Kiswahili, nawashukuru kwa lugha iliyolipa karo yangu.

Nianze na jambo linaloniuma. Itaje Nile Magharibi, kanda yetu ya Uganda, mbele ya mtu wa mbali, awe wa Kampala au wa Dar es Salaam, na jina la kwanza litakalomtoka ni la Idi Amin. Mwenye kusoma zaidi atamtaja Emin Pasha na askari wake waliopiga kambi Wadelai kando ya Nile, au vijana wetu walioandikishwa katika jeshi la mkoloni, King's African Rifles, au waasi wa miaka ya 1980. Yote ni kweli. Lakini ukiisoma historia hiyo toka mwanzo hadi mwisho utadhani nchi hii haikuwahi kukaliwa na mtu isipokuwa askari, mmoja akimpokea mwenzake zamu. Aliyelima wanaume wakiwa vitani, aliyezika, aliyevusha watoto mpakani usiku, aliyerudi akang'oa magugu ndani ya nyumba isiyo na paa, huyo hana ukurasa. Mimi nimelelewa na huyo.

Kwa msikilizaji asiyefika kwetu: Ombaci iko kilomita chache tu kaskazini mwa mji wa Arua, kwenye barabara iendayo Koboko. Leo ukipanda bodaboda mjini, juu ya lami, hujamaliza mazungumzo na dereva umeshafika. Kuna misheni ya Wakatoliki iliyojengwa na wamisionari wa Komboni, kuna shule kubwa ya wavulana, St Joseph's College, na kuna kaburi la pamoja. Kaburi hilo ndilo linalotukusanya kila tarehe 24 Juni.

Amin aliangushwa Aprili 1979. Mambo ya kwetu yaliharibika hasa Oktoba 1980, askari wake wa zamani walipovuka kutoka Sudan na Zaire, yaani Kongo ya leo, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, UNLA, lilipowarudisha nyuma lilimalizia hasira kwa raia, kana kwamba kila aliyezaliwa Nile Magharibi alikuwa mtu wa Amin. Vijiji vilichomwa. Watu walikimbia kwa maelfu, wengine wakielekea Zaire na wengine Sudan, mpaka ikawa unaweza kutembea toka Arua hadi Koboko usisikie jogoo. Waliobaki walijikusanya kwenye misheni ya Ombaci, wakiamini kwamba kanisa na bendera ya Msalaba Mwekundu vingewalinda. Tarehe 24 Juni 1981, sikukuu ya Yohana Mbatizaji, baada ya mapigano na waasi jirani na hapo, askari waliingia katika eneo la misheni na kuwafyatulia risasi watu wasio na silaha. Waliouawa walikuwa zaidi ya 90, wakiwemo wanawake na watoto.

Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alikuwamo humo. Baba alikuwa amekwisha kupotea katika vurugu za Oktoba, na mama alikuwa ameshavuka nasi watoto kwenda Zaire. Bibi alikataa kuondoka kwa sababu ya ghala. Kulikuwa na ulezi wa msimu ule ndani yake, na kwa mwanamke wa umri wake kuacha chakula kiliwe na panya lilikuwa jambo lisilofikirika. Alilala misheni, alfajiri akaenda kuangalia ghala, akarudi misheni. Alipona. Namna alivyopona hakuisimulia kwa kirefu hata siku moja, nami sitaisimulia kwa niaba yake. Ninachojua ni alichofanya baadaye. Alikaa mpaka wafu waliposetiriwa, akawatafuta jamaa na majirani kati yao mmoja mmoja, kisha akajitwika mfuko wa mbegu za ulezi, si nguo, mbegu, na kutembea hadi ng'ambo alikokuwa mama. Toka Arua hadi mpakani ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Yeye alitumia siku mbili, kwa sababu alipita porini na kwa sababu alikuwa na wenzake waliojeruhiwa ambao hakutaka kuwatangulia.

Nasimama kidogo hapo kwenye mbegu. Watu wengi wakisimulia ujasiri wa wanawake wa vita husimulia machozi. Bibi alilia, bila shaka. Lakini mtu anayebeba mbegu kutoka mahali alipowazika majirani zake ameshaamua jambo. Ameamua kwamba kutakuwa na msimu mwingine wa mvua na kwamba atakuwepo, au watoto watakuwepo, kupalilia. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikuelewa. Nakumbuka tu nilivyokasirika kwamba bibi amefika na mzigo mkubwa na ndani yake hakuna cha kula.

Kule Zaire hatukukaa kambini. Wenzetu wengi walipelekwa katika makazi yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, lakini mpaka huu ulichorwa na Wazungu katikati ya Walugbara, na ng'ambo tulikuwa na watu wa ukoo. Mwanamke mmoja, mjane mwenye shamba nje kidogo ya Ariwara, alimpa mama kipande cha ardhi kwa masharti ambayo mama aliyarudia mbele yetu mara nyingi: lima utakavyo, usipande mti, na mavuno ya kwanza tugawane. Masharti ya wazi, yasiyomdhalilisha anayepewa. Miti ilikatazwa kwa sababu apandaye mti hudai ardhi. Kila mtu alijua mwisho wa mapatano na hakuna aliyehitaji kuomba.

Shangazi ndiye aliyetutoa kwenye kula tu na kutufikisha kwenye kusoma. Amenikubalia nimsimulie redioni, lakini jina lake amesema niliache. Shangazi hakusoma. Alikuwa na beseni la bati, baadaye baiskeli, na kichwa cha hesabu ambacho sijakiona tena hata kwa watu wa benki. Alianza na makopa ya muhogo. Muhogo wetu mchungu ni kazi ndefu: unaumenya, unauroweka, unauacha uchachuke mpaka ukibonyezwa unavunjika, unauvundika, kisha unauanika juu ya mwamba, na siku nzima mtoto mmoja anakaa na kijiti kufukuza mbuzi. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Ukikauka sawasawa unalia ukigonganisha vipande viwili. Shangazi alinifundisha kusikiliza mlio huo, maana makopa yenye unyevu hata kidogo yakitiwa guniani huota ukungu, na mnunuzi akikuta ukungu mara moja haji tena kwako, hata ukimpunguzia bei.

Baada ya makopa akaingia kwenye vitenge. Vitenge vilifika Ariwara kutoka ndani ya Kongo na kutoka mbali zaidi, na Arua walivitaka. Amani iliporudi kiasi, mwaka 1986, akawa anavuka na vitenge kwenda na kurudi na sabuni na chumvi. Hakupenda kulala na pesa. Mwanzoni tulidhani ni ushirikina. Halafu Mei 1987 serikali ya Uganda ikabadilisha noti, ikakata sifuri mbili na juu yake ikatoza asilimia 30, na majirani waliokuwa wameficha shilingi ndani ya mto wa kulalia wakaona jasho la miaka likiyeyuka asubuhi moja. Upande wa Zaire nako pesa ya Mobutu ilikuwa inashuka thamani mpaka ikabebwa kwa mafungu. Shangazi alikuwa na vitenge kumi na kitu ndani ya sanduku, vimekunjwa, vyenye bei ileile ya jana. Hakumcheka mtu. Aliuza viwili akawasaidia majirani wawili kuanza upya, na upatu wa akina mama wa mtaa ule ulianza hapo, kwa watu kuona kwamba kuna mtu ambaye akishika mali ya wengine haipotei.

Wapo watakaosema hiyo ilikuwa biashara ya magendo. Nimesikia wasomi wetu wakiisema hivyo kwa kukunja uso. Mimi nawaambia waziwazi: mpaka ulipokuwa umefungwa na viwanda havipo, na serikali inayodai ushuru haina hata zahanati ya kuonyesha, mwanamke aliyepitisha chumvi na sabuni ndiye aliyekuwa wizara ya biashara na wizara ya afya. Shangazi alilipa ushuru pale kibanda cha forodha kilipoanza kutoa risiti. Kabla ya hapo alilipa alichodaiwa na yeyote aliyesimama njiani na bunduki, na hicho ndicho ningekiita magendo.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe, ng'ambo hukohuko, na mwalimu alikuwa mwanamke mkimbizi kutoka upande wa Maracha. Hakuna aliyemwajiri. Alitukusanya tu. Chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu na ubao ulikuwa mlango ulioletwa kutoka nyumba iliyoungua. Alikuwa mkali kwa usafi wa kucha kuliko kwa hesabu, na miaka mingi baadaye nilielewa kwa nini: mtoto aliyekatwa kucha na kuoshwa uso alikaa kama mwanafunzi, si kama mtu anayesubiri mgao. Huyo ndiye aliyetutajia kwa mara ya kwanza Sarah Ntiro wa Bunyoro, aliyemaliza Oxford mwaka 1954 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, na ambaye aliporudi kufundisha alikataa mshahara uliokuwa mdogo kuliko wa wanaume. Tulimsikiliza kwa mshangao. Wengi wetu hatukuwa na viatu, na yeye alikuwa akitueleza habari za kukataa mshahara.

Na hapa nimtaje mtu ambaye bibi yangu hakuwahi kumjua lakini nadhani wangeelewana. Barbara Harrell-Bond alikuwa Mmarekani, mwanaanthropolojia, aliyeanzisha masomo ya wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1982. Miaka hiyohiyo alikwenda Yei, Sudan kusini, akakaa na watu wetu waliokimbilia huko. Kitabu alichokitoa mwaka 1986, Imposing Aid, kilisema jambo ambalo mashirika hayakufurahi kulisikia: kwamba misaada ilikuwa ikishushwa kutoka juu, na kwamba mkimbizi hutendewa kama asiyejua lolote wakati yeye ndiye anayejua hali yake kuliko wote. Alifariki mwaka 2018. Nilikisoma kitabu hicho nikiwa chuoni, na kila ukurasa nilimwona mjane wa Ariwara na masharti yake matatu. Msaada wake haukuwa na fomu wala gari, nao haukumfanya mama yangu ainamishe kichwa.

Tuliporudi Ombaci, mama alikutana na vita vya aina nyingine. Kwa mila zetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Siitukani mila hiyo. Ilikuwa njia ya kuhakikisha mama na watoto hawatupwi, na wapo walioheshimiwa ndani yake. Lakini mama hakuitaka, na alisema hivyo mbele ya wazee, amekaa chini kwenye mkeka kama heshima inavyotaka, bila kupandisha sauti. Alisema atabaki juu ya ardhi ya mumewe kwa sababu ni ardhi ya watoto wa mumewe. Wakati ule hapakuwa na mwanamke aliyejua sheria ya mirathi inasemaje. Sheria yenyewe imerekebishwa mwaka 2022 tu, na fungu la mjane likapanda kutoka asilimia 15 hadi 20. Kilichomwokoa mama ni bibi. Bibi alisimama, mama wa marehemu mwenyewe, na kusema kwamba huyu si mke wa mwanangu tu, huyu ni binti yangu, na atakayemwondoa aanze na mimi. Wazee walizungumza mengine.

Nataka wanaume wanaonisikiliza wapime uzito wa jambo hilo. Mwanamke mzee aliyepoteza mtoto wake wa kiume, ambaye faida yake yote ya kimila ilikuwa upande wa wazee, alichagua upande wa mkaza mwana wake. Huwa tunaambiwa kwamba mama mkwe na mkaza mwana hawapatani. Wangu waliamua kuwa nyumba moja, wakalala chumba kimoja mpaka paa la pili lilipopatikana.

Nikaenda sekondari ya wasichana ya Ediofe, kwa pesa ya vitenge na ya makopa. Mwaka 1996 nikaingia Makerere. Nilikuwa miongoni mwa wasichana waliofaidika na ile alama moja na nusu ya nyongeza ambayo chuo kilianza kuwapa wanawake mwaka 1990. Nimesikia watu wakiidharau nyongeza hiyo mpaka leo. Mimi siionei haya. Alama moja na nusu haikufidia hata msimu mmoja wa kuchota maji kabla ya kwenda darasani.

Safari ya Kampala miaka hiyo ilikuwa ya roho mkononi. Waasi wa Kony walikuwa wakivizia magari upande wa Pakwach na Karuma, na mama alikuwa akikesha mpaka apate habari kwamba nimefika. Huko chuoni nilipangiwa chumba na msichana Mwacholi kutoka Gulu. Msikilizaji wa kwetu ameshaelewa uzito wake. Wale askari wa 1981, kwa maneno ya watu wetu, walikuwa Waacholi na Walangi, na watoto wengi wa rika langu walinyonya chuki hiyo na maziwa. Sikumwandikia mama habari za kabila la mwenzangu kwa muda mrefu. Wakati huohuo wazazi wa msichana huyo walikuwa wameondolewa kijijini kwao na kusukumwa kambini, na likizo moja hakuwa na pa kwenda. Nikaja naye Ombaci.

Nilikuwa na hofu, na nakumbuka kila kitu cha siku ile. Bibi alikuwa ameketi nje akichambua kunde. Nikamwambia mgeni anaitwa fulani, anatoka Gulu. Bibi alimtazama, akamvutia kigoda, kisha akamuuliza swali moja: mama yako analala wapi sasa? Msichana akasema kambini, katika kibanda, na wadogo zake. Bibi akauliza kama mvua inavuja humo. Msichana akasema inavuja. Bibi akaingia ndani, na jioni ile tulikula enyasa, ugali wetu wa muhogo na ulezi, pamoja na kunde zilizotiwa ufuta na samaki mkavu wa Nile ambaye katika nyumba yetu hakuwahi kutolewa kwa mgeni asiyekuwa padre. Hakuna hotuba iliyotolewa, wala hakuna aliyemtaka msichana yule aombe radhi kwa jambo lililotendwa yeye akiwa mtoto mdogo. Alipoondoka, bibi alimfungia unga na mfuko mdogo wa mbegu za ulezi ampelekee mama yake.

Kanda hii imetoa vikundi vya waasi kimoja baada ya kingine, na mara nyingi waliojiunga ni watoto wa waliouawa. Cha mwisho, UNRF II, kilitia saini amani na serikali huko Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wanasiasa wamepongezwa kwa amani hiyo, na wanastahili. Lakini najiuliza wale vijana maelfu ambao hawakwenda msituni kabisa, ambao walikuwa na kila sababu ya kwenda, nani aliwazuia? Ninaowajua walizuiwa na mtu aliyeketi juu ya kigoda akichambua kunde. Hilo ndilo hasa lililonileta studioni jioni hii. Wajane wa Ombaci walilea yatima bila kulea walipiza kisasi, na kazi hiyo haikuwa na mfadhili wala mkutano wala cheti.

Wapo wanawake wa kwetu ambao majina yao yanajulikana, nami nilikua nikiwatazama. Margaret Baba Diri wa Koboko alikuwa mwalimu, akapoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima. Watu walitarajia ajifungie ndani. Mwaka 1996 aliingia Bungeni kuwawakilisha watu wenye ulemavu, na Koboko ilipokuwa wilaya yake yenyewe, akawa Mbunge Mwanamke wa wilaya hiyo. Nilipomsikia kwa mara ya kwanza akizungumza katika mkutano, aliyekaa jirani nami alinong'ona kwamba anasikitika kumwona mama yule akishikwa mkono kupanda jukwaani. Dakika kumi baadaye jirani huyo alikuwa akiandika anayoyasema. Baba Diri hakuwa akiomba huruma. Alikuwa akiuliza shule ngapi za wilaya zina ngazi tupu bila njia ya kiti cha magurudumu, na alitaka jibu.

Na katika kazi hii ya redio simwachi Sherry Meyer, mlei kutoka Marekani, ambaye pamoja na padre Tonino Pasolini wa Komboni aliijenga Radio Pacis hapa Arua, ikaanza kusikika mwaka 2004, na mwaka 2007 ikapata tuzo ya BBC ya redio mpya bora Afrika. Sikuwahi kufanya kazi chini yake. Lakini wasichana wa Arua walioshika maikrofoni baada ya hapo walipita mlango ambao yeye alisaidia kuufungua, na lugha zetu, Kilugbara, Kimadi, Kialur na Kikakwa, zikaanza kutoa habari badala ya kutoa salamu tu.

Sasa nirudi kwa shangazi, maana yeye bado yuko kazini. Agosti 2016 serikali ilifungua makazi ya Bidibidi kule Yumbe, na ndani ya miezi michache yalikuwa na wakimbizi zaidi ya 250,000 kutoka Sudan Kusini. Wengi walitoka Yei na Kajo-Keji, palepale walipokuwa wamewapokea watu wetu miaka ya 1980. Rhino Camp na Imvepi zikajaa. Koboko mjini kila nyumba ikawa na mgeni, na Lobule wako ndugu wa Kongo. Sitawapamba watu wetu kwa uongo. Kuna ugomvi wa kuni, kuna ugomvi wa visima, na akina mama wa pande zote mbili wameshapigana kwa sababu ya mti mmoja wa shea. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula wa Umoja wa Mataifa umepunguzwa na kupunguzwa tena, na mwenye njaa hutoka kutafuta pa kulima.

Mwaka juzi mama mmoja kutoka Yei, mwenye watoto, alifika kwa shangazi kuuliza kama kuna kipande cha kukodi. Shangazi sasa anatembea kwa fimbo na ana shamba asiloweza kulimaliza. Wanaye, wanaume wazima, walitaka alikodishe kwa pesa taslimu, tena kwa bei ya siku hizi, na walikuwa na hoja: karo zimepanda na dawa zake mwenyewe si za bure. Walijadiliana jioni mbili. Shangazi akaita watu wote wawili uani, mwanawe mkubwa na yule mama wa Yei, na mwenyekiti wa kijiji awe shahidi. Masharti aliyoyataja ni yaleyale ya mjane wa Ariwara, la miti na la kugawana mavuno ya kwanza, akaongeza moja lake mwenyewe: makopa yote yapite mikononi mwake kwanza, ayagonganishe asikie kama yamekauka, kabla ya gunia lolote kwenda sokoni Arua. Yule mama wa Yei alikubali, akauliza kama anaweza kupanda na ufuta pembeni. Shangazi akasema ufuta si mti.